Bendi ya Matarumbeta Imeniharibia Biashara ya Karatasi

Lolke Terpstra,
Barabara ya Kanisani 14,
Wietserum, Friesland.
Jumatano, 2 Septemba.

Kwa Bi. Machteld Roskam,
Mshauri wa Biashara Ndogondogo,
Ukurasa wa Tano wa gazeti letu la wiki.

YAH: USHAURI WAKO WA HATUA KUMI ZA KUANZISHA BIASHARA YA KUREJELEZA TAKA, NA MADHARA YALIYONIPATA KWA KUUFUATA

Bi. Roskam mpendwa,

Naomba kuingia katika ukurasa wako bila kubisha hodi, maana hodi nimezibisha mno mwaka huu na milango yote imebaki imefungwa. Wewe hunijui. Mimi ndiye yule msomaji wako aliyekuamini.

Nilifanya kazi miaka thelathini na mmoja katika kiwanda cha maziwa, upande wa siagi, hadi kilipofungwa mwaka jana. Mke wangu Wytske bado ana kazi yake ya maktaba. Huondoka saa moja na nusu asubuhi kwa baiskeli, nami nikawa nabaki dirishani kutazama baiskeli za wengine zikipita. Nilikaa hivyo miezi saba. Nilifikia hatua ya kumjua mbwa wa kila mtu na saa anayotolewa matembezini. Ndipo mwezi Machi makala yako ikatoka, "Hatua Kumi za Kuanzisha Biashara ya Kurejeleza Taka", na nisikufiche, niliisoma nikiwa nimesimama.

Niliikata nikaibandika kwenye friji. Nikasafisha banda lililokuwa la kondoo wa marehemu baba. Kampuni moja ya mjini ikaniazima mashine ya kushindilia karatasi kwa majaribio. Unaingiza karatasi zilizotawanyika, linatoka robota la mraba, zito, limekazwa kwa waya, kitu cha kupendeza sana kukitazama. Sharti lao ni moja tu. Nisipofikisha marobota kumi kwa mwezi, ifikapo mwisho wa Oktoba wanakuja kuchukua mashine yao, nami narudi dirishani kwa wale mbwa. Sitaki kurudi dirishani, Bi. Roskam. Hiyo ndiyo sababu ya barua hii, na yatakayofuata ni maelezo yake.

Tangu Ijumaa moja ya mwezi Mei ambayo nitaieleza hapa chini, nimetoa robota moja. Nusu yake ni maboksi ambayo mashine yenyewe ilikuja nayo. Wytske ameweka chungu cha maua juu yake.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Hatua yako ya kwanza inasema: chagua taka safi, iliyo karibu, isiyo na mwenyewe. Nikachagua karatasi. Sasa kila mtu hapa Wietserum anajua, nami nikiwamo, kwamba Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi bendi yetu ya matarumbeta hupita na trekta na tela kuzoa karatasi kuukuu, na kwamba karatasi hizo ndizo zinazonunua matarumbeta. Imekuwa hivyo tangu kabla sijazaliwa. Mama yangu alikuwa akifunga mabunda yake kwa kamba ya katani na kuyapanga kando ya lango Ijumaa ya kuamkia siku hiyo, nami nimeyafunga tangu nilipojua kufunga fundo. Mke wangu mwenyewe ndiye anayepuliza tarumbeta kubwa kuliko yote katika bendi hiyo, lile lenye mdomo mpana kama karai, na Jumamosi hizo huwa yuko juu ya tela akipokea mabunda. Utaniuliza, ilikuwaje basi nikasahau? Sikusahau. Ila haikuwahi kunijia akilini kwamba ile ni biashara ya kurejeleza taka. Mimi niliona bendi. Wewe ndiye mtaalamu, ungeandika tu, "Kabla hujaanza, tazama vizuri bendi ya kwenu." Hukuandika.

2. Hatua ya tatu: wajue washindani wako, na ujaze fomu iliyo hapa chini. Nilijaza. Palipoandikwa "Mshindani mkuu" nikaandika "Hayupo". Siku mbili baada ya kugawa vipeperushi vyangu, mwenyekiti wa bendi alikuja nyumbani. Anaitwa Sipke Wiersma, ni mfugaji, na lile trekta ni lake. Akakaa, akanywa kahawa. Tukazungumza habari za nyasi, habari za mfereji wa nyuma ya kanisa, habari za ng'ombe wake mmoja anayechechemea. Kuhusu karatasi hakugusia hata kidogo. Nikamwambia, "Sipke, nikuongeze?" Akasema, "Aa, Lolke, inatosha bwana, ahsante," akavaa kofia yake akaondoka. Bi. Roskam, hapa kwetu mtu akikataa kikombe cha pili ameshatangaza vita. Fomu yako haina mahali pa kuandika jambo la namna hiyo.

3. Hatua ya nne: mtangulie mshindani wako kwa huduma. Bendi hupita Jumamosi, kwa hiyo mimi nikapita Ijumaa. Mabunda yalikuwa yameshawekwa nje, nikayachukua yote, mtaa kwa mtaa. Watu walinipungia mkono madirishani, kwa kuwa walidhani nimejitolea kuisaidia bendi kwa gari langu, nami nikawapungia. Nilitoa marobota kumi na moja siku ile. Sikuwahi kufurahi namna ile tangu kiwanda kifungwe.

Kesho yake bendi ikatoka na tela, ikakuta barabarani hakuna hata gazeti moja. Watu wengine wangerudi nyumbani. Hawa walirudi nyumbani, ndiyo, lakini kufuata matarumbeta yao. Wakapanda kwenye tela tupu, watu ishirini na wawili, wakaja kusimama mbele ya dirisha langu na kupiga muziki wa mazishi kwa muda wa saa moja na robo. Mapazia hatuna, hapa kwetu nani ana mapazia? Nikabaki kwenye kiti changu tukitazamana. Katikati yao alikuwa Wytske, mashavu yamejaa pumzi, ananikazia macho juu ya mdomo wa tarumbeta. Walipomaliza alishuka, akaingia ndani, akaniuliza, "Umekula?" Nikasema bado. "Mkate uko kabatini," akasema, akatoka tena.

4. Kuanzia hapo wateja walinigeuka wote kwa mkupuo. Hakuna tena anayeweka bunda nje siku ya Ijumaa. Wanalikumbatia ndani mpaka wasikie trekta, ndipo wanatoka nalo mbio. Jirani yangu wa kushoto ni Bi. Foekje, mwenye umri wa miaka themanini na mitatu, aliyenilea nilipokuwa mdogo. Nikamwendea kwa adabu zote.

"Bibi, nimekuja kuchukua karatasi."

"Sina."

"Na hizo zilizojaa hapo ukumbini?"

"Hizo nazisoma."

Nikalitazama gazeti la juu. "Bibi, hili ni la mwaka juzi."

"Kwani nakimbilia wapi? Nasoma polepole, mwanangu. Na mama yako hakukufundisha kuwaharakisha watu wazima."

Wiki mbili baadaye shemeji yangu Hinke alikuwa na sherehe ya siku yake ya kuzaliwa. Tulikaa kwenye mzunguko wa viti kama kawaida, na kila aliyeingia alizunguka kumpa mkono kila mtu na kumpongeza kwa siku ya Hinke. Walimpongeza mama yake, wakampongeza mume wake, wakampongeza hata fundi aliyekuja kutazama bomba. Kila walipokaribia kwangu mikono yao ikawa ghafla imejaa keki. Kiti cha kulia kwangu kilikuwa kitupu, na cha kushoto kilikuwa na koti.

5. Lalamiko la tano limeondolewa kwa ombi la mke wangu, aliyelisoma nilipokwenda kupokea simu.

6. Hatua ya saba: mpe mteja motisha. Nilifikiri sana, nikaagiza karatasi za chooni zilizotengenezwa kwa karatasi kuukuu, ili watu waone kwa macho yao faida ya kazi hii. Mwezi wa saba nikaweka roli nne nne kwenye kila mlango, jumla mia mbili na arobaini, pamoja na ujumbe mfupi wa kirafiki. Hakuna aliyezirudisha, nikajua moyo wa kijiji umeanza kulainika. Ilipofika Jumamosi ya kwanza ya Agosti nilichungulia nje, nikaziona zote barabarani. Zilikuwa zimepangwa nne nne kando ya malango, zimefungwa kwa kamba ya katani, hata hazijafunguliwa, zinasubiri trekta.

Bendi ikazizoa. Kwa hiyo katika mwezi wa Agosti mimi ndiye niliyekuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa bendi ya matarumbeta ya Wietserum, na Sipke aliniletea kadi ya shukrani. Ni kadi nzuri, nene, ingefaa sana kutiwa kwenye robota. Mpaka leo sijaitia.

7. Hatua ya nane: shirikisha familia. Nilimshoneshea Wytske fulana ya kazi yenye jina la kampuni mgongoni. Aliipokea, akaigeuza huku na huku, akasema kitambaa ni kizuri, na tangu siku hiyo anaitumia kung'arishia tarumbeta.

Siku moja nilimwuliza waziwazi kama amenikasirikia. Akasema, "Mimi sina ugomvi na wewe, Lolke. Ungeniuliza tu."

"Kukuuliza nini?"

"Ah. Basi."

Huwa anafanya mazoezi yake jikoni. Na kwa kuwa tarumbeta lake ni lile kubwa la kushikilia mwendo, hapigi wimbo wenyewe. Wimbo hupigwa na wengine kule bendini. Yeye hupiga sehemu yake tu, pu, pu, pu-pu, halafu ananyamaza kuwangoja watu ambao hawapo, halafu pu tena. Kila jioni naishi ndani ya wimbo nisioujua ni upi. Zamani aliniimbia sehemu iliyobaki, ili nifuate. Nimemkosa, Bi. Roskam, na anaishi humu humu.

8. Hatua ya tisa na ya kumi sijazitekeleza, kwa sababu makala yako ilitoweka kwenye friji. Mara ya mwisho niliiona ndani ya bunda, imekazwa kwa fundo la mke wangu, inapandishwa kwenye tela.

Kwa kuzingatia hayo yote, na kwa kuwa chanzo chake ni wewe, naomba kupitia kwako mambo yafuatayo.

(a) Gazeti lichapishe masahihisho ya hatua ya kwanza, ya tatu, ya nne, ya saba na ya nane. Hatua ya pili na zile nyingine zinaweza kubaki, hazikunidhuru.

(b) Manispaa itunge sheria ndogo kwamba kila nyumba imalize kusoma gazeti lake ndani ya siku tatu tangu lifike, na mkaguzi apite kuuliza maswali machache kuhusu yaliyomo. Atakayeshindwa kujibu ahesabiwe kuwa hasomi, na karatasi zake zitolewe nje. Bi. Foekje naomba asisamehewe kwa sababu ya umri wake. Macho yake ni mazima kuliko yangu.

(c) Ushindani uwe wa haki. Nimelitazama jambo hili kwa utulivu, na naona kosa liko wapi. Wale wana karatasi na muziki. Mimi nina karatasi bila muziki, na hata hizo karatasi sina. Hakuna biashara inayoweza kusimama hivyo. Ama bendi iache karatasi, ama na mimi nipewe bendi. La pili naona linatekelezeka kwa urahisi zaidi. Naomba basi, toleo lijalo, uandike "Hatua Kumi za Kuanzisha Bendi ya Matarumbeta", na safari hii uziandike kwa uangalifu.

(d) Kwa kuwa wapulizaji hapa kijijini ni wale ishirini na wawili tu, na hakuna wengine wa kuajiri, manispaa iwagawe sawasawa: kumi na mmoja wabaki kwao, kumi na mmoja waje kwangu. Mimi si mtu wa kuchagua. Nitapokea wenye pumzi fupi, nitapokea wasiojua kusoma noti, nitapokea hata yule mpiga ngoma aliyeoa dada yake Sipke, ambaye kijiji kizima kinajua anavyochelewa. Ninachoomba ni kwamba tarumbeta kubwa liangukie upande wangu. Hapo siwezi kulegeza. Na kama bendi ikisema nichukue hilo moja tu na wale kumi niwaache, niko tayari kutia saini leo hii.

Natumaini utayapokea haya kwa moyo ule ule mweupe ulioandikia makala yako. Nisalimie mhariri wako, nisalimie wapiga chapa na wale wanaoendesha magari ya kusambaza gazeti asubuhi, na familia yako yote bila kumsahau aliyekuchorea ile picha ya pipa linalotabasamu. Wytske angekusalimu pia, lakini hajui kama nakuandikia, ukiacha lile lalamiko la tano.

Wako mtiifu, bado mwenye matumaini,

Lolke Terpstra
Mkurugenzi na mfanyakazi pekee,
Terpstra Kurejeleza Taka.

Nyongeza, Jumamosi, 5 Septemba, jioni.

Barua hii ilikuwa bado mezani, stempu imeshabandikwa, mvua ilipoanza. Nilikuwa kwenye kiti changu. Tela la bendi likakata kona pale kanisani, limejaa hadi juu, wazi kabisa, maana asubuhi kulikuwa na jua na hakuna aliyefikiria kufunika. Karatasi ikilowa inakuwa uji, Bi. Roskam. Haishindiliki, kiwanda cha karatasi hakiipokei, mwezi mzima umepotea. Najua hilo kuliko mtu yeyote Wietserum. Sikumbuki kusimama. Nakumbuka niko barabarani na ndara miguuni, nimebeba turubai langu kubwa kichwani, napiga kelele, "Simama! Sipke, simama wewe!"

Sipke hakusema ahsante. Alisema, "Shika kona ile, Lolke, upepo unatokea kanisani." Nikashika kona ile. Kona iliyokuwa karibu na yangu alikuwa ameishika Wytske, nywele zinamchuruzika maji. Akanitazama miguuni akasema, "Na ndara, jamani, we mwanamume!" akacheka. Miezi minne sijamsikia akicheka. Nilifurahi hata nikaona aibu, nikajifanya nafuta mvua usoni.

Tukalishikilia turubai juu ya tela hivyo hivyo mpaka kwenye banda langu, kwa kuwa ndilo paa lililokuwa karibu. Na walipokuwa wamo ndani, wanatiririka, hawana la kufanya, nikawasha mashine. Bendi nzima ilisimama kuitazama. Robota la kwanza lilipotoka, yule mpiga ngoma alipiga makofi. Yametoka kumi na mawili. Sipke amekunywa vikombe vitatu vya kahawa. Wamekubaliana kwamba karatasi ni za bendi, mashine ni ya bandani, na mwendeshaji wake ni mimi, nami nimeandikwa kwenye orodha ya zamu kwa kalamu ya wino. Mjini wakiuliza habari za majaribio yao, wataambiwa yamefaulu. Wytske amesema huo wimbo wa jikoni ni muziki wa kuingilia maharusi, na usiku wa leo ataniimbia sehemu iliyobaki.

Kwa hiyo malalamiko yote hapo juu nayafuta, na maombi yangu (a) mpaka (d) usiyashughulikie. Wytske anasema barua yenyewe nisiitume kabisa. Naituma kwa sababu ya jambo moja la dharura. Jamaa mmoja wa kijiji cha pili, simjui, naye amesoma makala yako. Vipeperushi vyake vimeingia mitaani kwetu leo hii. Anasema ataanza kupita kuchukua karatasi siku ya Alhamisi, ili awatangulie wengine kwa huduma. Alhamisi! Mtu hana hata aibu. Tafadhali mwandikie upesi, wewe atakusikiliza. Mwambie hapa Wietserum hakuna karatasi. Mwambie huku kwetu hatusomi.